Frank Robinson: heshima ya gongo alipewa, ya ukocha bado

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii mmeuliza ni mwanamichezo gani marehemu ambaye msomaji anaona hajapewa heshima anayostahili. Najua wengi watawataja wanasoka na wanariadha wetu, na wana haki. Mimi namtaja Frank Robinson, mchezaji na kocha wa besiboli wa Marekani, aliyefariki Los Angeles tarehe 7 Februari 2019 akiwa na umri wa miaka 83.

Atakayenipinga ana hoja. Robinson ana sanamu Cincinnati, Baltimore na Cleveland. Aliingizwa katika Jumba la Mashujaa wa besiboli mwaka 1982, siku moja na Hank Aaron, mpigaji mwingine mashuhuri. Mwaka 2005 Rais George W. Bush alimvisha Nishani ya Rais ya Uhuru. Sasa anadai nini tena? Jibu langu ni kwamba sehemu kubwa ya heshima hiyo ni ya gongo lake, yaani ya ustadi wake wa kupiga mpira. Ukocha wake hutajwa kwa sentensi moja, kwamba alikuwa mtu mweusi wa kwanza, kisha habari hugeukia mambo mengine. Kwangu mimi, uzito wa maisha yake uko hapo hapo panaporukwa.

Gongo lenyewe halikuwa la mchezo, lazima nikiri. Alizaliwa Beaumont, Texas, mwaka 1935, akakulia Oakland, California, na shuleni alicheza mpira wa kikapu pamoja na Bill Russell, aliyekuja kuwa nyota wa mchezo huo. Mwaka 1956, msimu wake wa kwanza na Cincinnati Reds, alipiga homrani 38, yaani mipira 38 iliyovuka uzio wa uwanja, akawa mchezaji chipukizi bora wa Ligi ya Taifa, moja ya ligi kuu mbili za besiboli (nyingine ni Ligi ya Marekani). Alikuwa na tabia ya kusimama karibu mno na kituo cha kupigia, kichwa kimeinamia njia ya mpira. Warushaji walikasirika wakawa wanamlenga mwilini. Mipira ilimpata mara 198 katika maisha yake ya uchezaji. Akiangushwa, alikuwa anainuka, anajikung'uta vumbi, anasimama pale pale, na mpira unaofuata anaupiga kwa nguvu zaidi. Ilifika mahali Gene Mauch, kocha wa Philadelphia, akawa anawatoza faini warushaji wake mwenyewe wakimwangusha Robinson, maana kumchokoza kulikuwa kunawagharimu mechi.

Mwishoni mwa mwaka 1965 Reds walimpeleka Baltimore Orioles kwa kubadilishana wachezaji, na bosi wa klabu akasema kwamba ana miaka 30 lakini si kijana wa miaka 30. Mwaka uliofuata "mzee" huyo aliongoza Ligi ya Marekani kwa wastani wa upigaji, kwa homrani 49 na kwa kuingiza mikimbio (yaani pointi) 122, mambo matatu kwa msimu mmoja, na Orioles wakawafunga Dodgers mechi nne kwa sifuri katika fainali. Alikwisha kuwa mchezaji bora wa Ligi ya Taifa mwaka 1961, sasa akawa mchezaji bora wa Ligi ya Marekani, na hadi anafariki alikuwa peke yake kwa hilo. Lakini alipofika Baltimore, mkewe Barbara alihangaika kupata nyumba ya kupanga. Kwa simu alikuwa anakaribishwa, mke wa nyota wa Orioles. Wenye nyumba wakimwona uso kwa uso, nyumba inakuwa imeshachukuliwa.

Sasa nije kwenye ukocha. Katika miaka hiyo ya 60 ligi zilikuwa zimejaa wachezaji weusi, tena nyota. Waliaminiwa kupiga na kukimbia, lakini kuongoza timu hakuna aliyeaminiwa. Robinson hakungoja aitwe ndipo ajiandae. Kuanzia mwaka 1968, msimu wa Marekani ukiisha, alikuwa anakwenda Puerto Rico kuifundisha timu ya Santurce katika ligi ya majira ya baridi, yeye nyota mwenye mshahara mnono ambaye angeweza kukaa nyumbani kupumzika. Tarehe 15 Oktoba 1972, Jackie Robinson, yule aliyevunja ubaguzi wa wachezaji mwaka 1947 (hawana undugu), alisimama mbele ya umati kwenye fainali mjini Cincinnati, kisukari kimekwisha kumharibu macho, akasema angefurahi zaidi siku akiona mtu mweusi anaongoza timu. Siku tisa baadaye alifariki.

Tarehe 8 Aprili 1975 mjane wake, Rachel, alirusha mpira wa ufunguzi Cleveland, na Frank Robinson akawa kocha mkuu wa kwanza mweusi katika historia ya ligi kuu za besiboli. Alikuwa bado anacheza, kwa hiyo alijipanga mwenyewe kwenye kikosi. Zamu yake ya kwanza kupiga siku ile, alipiga homrani. Watu zaidi ya 56,000 walikuwa uwanjani kwenye baridi, na Cleveland ikashinda 5 kwa 3. Msimu wa pili timu ilimaliza na ushindi mwingi kuliko vipigo, jambo ambalo lilikuwa halijatokea pale tangu 1968. Katikati ya 1977 akafukuzwa.

Hapo ndipo naomba wasomaji watulie. Mwaka 1981 San Francisco Giants walimchukua, akawa wa kwanza mweusi katika Ligi ya Taifa pia, na 1984 akaondolewa. Mwaka 1987, miaka 12 tangu siku ile ya Cleveland, hapakuwa na kocha mkuu mweusi hata mmoja, na kiongozi mmoja wa Dodgers, Al Campanis, alisema kwenye televisheni ya taifa kwamba huenda weusi hawana kinachohitajika kwa kazi hiyo. Ilimgharimu kibarua chake. Aprili 1988 Orioles, wakiwa wamepoteza mechi sita mfululizo, walimkabidhi Robinson timu. Ikapoteza nyingine 15, zikawa 21 bila ushindi tangu msimu uanze. Mtu mwingine angetafuta pa kujificha. Mwaka uliofuata, kwa kikosi cha vijana wengi, Orioles walishinda mechi 87 na kugombea ubingwa wa kundi lao na Toronto hadi mechi za mwisho. Toronto ndiyo walioupata, chini ya Cito Gaston, naye mtu mweusi, na Robinson akatajwa kuwa kocha bora wa mwaka. Gaston alikuja kutwaa ubingwa wa besiboli mwaka 1992 na 1993.

Mimi nilimwona kwa macho yangu msimu wa 2005, timu ya Montreal, aliyokuwa anaifundisha tangu 2002, ilipohamia Washington na kuwa Nationals. Tuliokulia Afrika Mashariki tukaja kuishi Maryland, besiboli hutuchukua muda kuielewa, na mimi nilikuwa namtazama zaidi mzee yule kuliko mpira. Alikuwa anasimama kwenye banda la wachezaji, mikono ameikunja kifuani, na kijana akikosea anamwangalia tu.

Na bado mkali huyu ndiye aliyelia mwaka uliofuata. Tarehe 25 Mei 2006, Nationals wakicheza na Houston, mdakaji wa akiba Matt LeCroy alikuwa anaibiwa vituo, yaani wapinzani wanakimbilia kituo kinachofuata bila mpira kupigwa, kila baada ya muda mfupi, saba kwa jumla, na mipira yake miwili ya kuzuia ilikwenda kombo. Robinson akamtoa katikati ya kipindi cha saba, jambo ambalo makocha wa besiboli hulikwepa kwa sababu ni kumwaibisha mtu mbele ya uwanja mzima. Nationals walishinda 8 kwa 5. Baada ya mechi, mbele ya waandishi wa habari, mzee wa miaka 70 akamzungumzia LeCroy, machozi yakamtoka. LeCroy hakulalamika. Alisema hata baba yake mzazi angekuwa kocha, angemtoa vilevile.

Rekodi yake ya ukocha ni ushindi 1,065 na vipigo 1,176. Wanaoitazama juu juu husema alikuwa mchezaji mkubwa na kocha wa kawaida. Mimi nawauliza, ni mara ngapi alipewa timu nzuri? Cleveland ilikuwa dhaifu, Orioles ya 1988 ilikuwa imezama, na Montreal ya 2002 ilikuwa klabu isiyo na mwenyewe, inamilikiwa na ligi yenyewe na kutishiwa kufutwa. Alizipokea zote akazifanyia kazi. Makocha weusi waliokuja baada yake walifika mbali: Dusty Baker alitwaa ubingwa na Houston mwaka 2022 na Dave Roberts ameutwaa na Dodgers zaidi ya mara moja, na hao walipewa vikosi vya kushinda. Robinson hakupata kikosi cha namna hiyo hata msimu mmoja. Ndiyo maana jina ninalowaletea wiki hii ni lake.

Msomaji wenu, Maryland