Mtandao wa tabaka mbili: je, v ya chini hufikika kwa urahisi zaidi daima?

SWALI: Nimeandika programu ya kuiga mtandao wa tabaka mbili zinazofanana. Kila kiungo hubaki kizima kwa uwezekano wa nusu, bila kutegemea vingine, na nguzo chache zisizokatika huunganisha tabaka hizo. Katika kila grafu (mchoro wa nodi, yaani vituo, na viungo vyake) niliyojaribu, nodi u ya chini huifikia nodi v ya chini mara nyingi zaidi, au sawa, kuliko v ya juu, nakala yake. Naweza kuifanya hii kuwa kanuni?

JIBU: Hapana, ingawa nakuelewa kabisa. Ulichokiona ndicho alichokidhania mwanafizikia Pieter Kasteleyn katikati ya miaka ya 1980: dhana ya kitanda cha dabo deka. Akili inaikubali mara moja, maana anayepanda juu lazima kwanza aipate nguzo.

Kuna hali ambapo jibu ni jepesi. Ikiwa nguzo zinatenganisha u na v, yaani kila njia lazima ipite penye nguzo, chukua upande wa v na ubadilishane juu na chini. Kila matokeo hupata pacha wake mwenye uzito uleule, hivyo uwezekano wote wawili ni sawa kabisa. Kwa grafu kamili, ambamo kila nodi imeunganishwa na kila nyingine, pia dhana imethibitishwa. Lakini nguzo zisipotenganisha, njia inaweza kuzikwepa, na hila hii ya kubadilishana juu na chini, kama kwenye kioo, haina pa kushika.

Oktoba 2024, wanahisabati Nikita Gladkov, Igor Pak na Aleksandr Zimin, wakijenga juu ya kazi ya Lawrence Hollom, waliiangusha dhana hiyo. Grafu yao ni bapa, yaani huchorwa bila viungo kukatizana: nodi 7,222 na viungo 14,442 kwa tabaka moja, nguzo 3 tu, na uwezekano wa nusu kama wako. Humo v ya juu ndiyo inayoshinda, ila kwa tofauti ambayo desimali yake huanza na sifuri zaidi ya 4,000.

Hapo ndipo uigaji unapofika mwisho. Kosa la sampuli hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya majaribio, kwa hiyo kuiona tofauti hiyo kungehitaji majaribio zaidi ya 10^8000. Atomi za ulimwengu unaoonekana hukadiriwa kuwa 10^80 hivi. Hoja pekee ndiyo ingeweza kuifichua.

Bado haijulikani ni grafu zipi hasa zinazotii dhana, wala mfano mdogo kabisa unaoipinga una nodi ngapi. Kwa makadirio ya kawaida programu yako haitaumia. Ila kama unaitumia kanuni hiyo ndani ya uthibitisho, angalia kwanza kama nguzo zako zinatenganisha u na v.