Meja wangu alijua mbio zimepangwa

Juzi msomaji mmoja wa Sengerema kaniandikia: "Kaka, huyu meja wako ni mjinga? Ratiba kaiona, anajua keshapigwa, kwa nini asijitoe?" Nilicheka. Kufika jioni nimenuna, maana swali hilo si la Meja Kulwa, ni langu.

Kwa ambao hamjaisoma hadithi: Kulwa ni ofisa wa jeshi mwaka 2190, katumwa kushindana katika mbio za matanga ya jua kutoka Mwezini hadi Mirihi. Matanga hayo sikuyaota. Mwaka 2010 Wajapani walirusha IKAROS, chombo chenye tanga la mita 14 kwa 14, likasukumwa na mwanga mtupu. Na msukumo wenyewe ni mdogo ajabu! Tanga la kilomita moja ya mraba, huku karibu na Dunia, halipati nguvu inayozidi uzito wa sato wa kilo moja. Ndiyo maana nayapenda. Nahodha akikasirika hana injini ya kumalizia hasira.

Toleo la kwanza lilikuwa bovu. Niliweka jambazi mwenye kovu, usiku anakata kamba za tanga. Mhariri mmoja akanirudishia kwa neno moja: haiaminiki. Iliniuma, na bado inauma kidogo, kwa sababu nilipaswa kulijua hilo kabla yake. Mimi nimeibiwa mbio mchana kweupe.

Ilikuwa mitumbwi, hapa hapa Mwanza, nina miaka 22. Timu zinaondoka kwa zamu, mshindi anapatikana kwa muda. Zawadi: injini ya mashua. Timu yenye mpwa wa mzee mmoja wa kamati ikapangiwa saa moja asubuhi, ziwa limelala. Sisi saa tisa alasiri. Mtu wa kando ya ziwa hili haelezwi: nchi kavu ikishapata joto, upepo unatoka ziwani kuja kwetu, na mawimbi yanaamka nao. Hakuna aliyevunja kanuni hata moja. Saa ya mwamuzi ilikuwa sahihi kabisa, na hilo ndilo lililonichoma.

Nikataka tujitoe. Mjomba wangu, sajini mstaafu, aliyekuwa akiongoza mtumbwi kwa kasia la nyuma, akasema tu: "Mjomba, umeshavaa jezi."

Tukawa wa nne.

Basi nikarudi kwa Kulwa, yule mwenye kovu nikamfuta. Dunia na Mirihi hukaribiana kila baada ya miezi 26 hivi. Waandaaji wakawapa wapendwa wao tarehe tamu, Kulwa wakamsukumia miezi mitano mbele, sayari zikiwa zinaachana. Karatasi ina mihuri yote. Hadithi ikasimama siku hiyo hiyo, nami najua ni nzuri, nisijifanye mnyenyekevu.

Kwa hiyo ninyi mnaoandika usiku kwenye simu, mkitaka dhuluma iaminike, iwekeni kwenye ratiba. Iwekeni kwenye kanuni ambayo kila mtu ameisaini. Na ofisa wenu msimpe hotuba. Wangu aliandika pingamizi, akalipeleka kwa kanali, likarudi na neno "Endelea", akapiga saluti, akatweka tanga. Mwanajeshi hanuni akaenda zake nyumbani. Wengi wenu mnaandika askari ambao ni raia waliovaa magwanda, halafu mnalalamika hamsomwi. Kaeni na wastaafu, mnunulieni mmoja chai, msikilize anavyolitamka neno "amri". Mimi nililelewa na mmoja na bado ilinichukua miaka kumwelewa.

Yule wa Sengerema sijamjibu. Wiki iliyopita nilipita mwaloni Kirumba, nikaiona injini ile. Imepakwa rangi upya, imefungwa kwenye mashua ya dagaa. Kijana akavuta kamba mara moja tu, ikawaka.