Mtu wako mgonjwa akishikwa, ugonjwa uingie kwenye faili mapema

Kama una mtu wako ana sukari, pumu, kifafa au anameza ARV na ameshikwa, kabla ya yote tafuta kadi yake ya kliniki. Katiba yasema afikishwe kortini ndani ya saa 24, au siku ya korti inayofuata ikiwa ni wikendi, kwa hivyo muda ni mdogo sana.

Mdogo wangu alikaa rimandi huku Mombasa na yeye ni mtu wa kujidunga insulini tangu skuli. Kilichomwokoa ni kwamba siku ya kusomewa mashtaka wakili alisimama akamwambia hakimu huyu ana sukari, akatoa barua ya daktari yenye mhuri, hakimu akaamuru atibiwe na ikaandikwa. Hamna wakili? Mshtakiwa mwenyewe ainue mkono aseme. Hapo linakuwa agizo la korti, si familia inaomba omba tena, na muitishe nakala yake.

Sasa hili mulishike sana. Jela chakula cha jioni chaliwa mapema, jua bado liko juu, kisha watu wafungiwa mpaka asubuhi. Insulini ya nyumbani imepangwa na chakula cha saa mbili usiku, akijidunga vile vile sukari yaweza kushuka usiku wa manane na mlango una kufuli. Tulirudi kwa daktari wake wa kliniki tukamweleza saa za kula za kule, akapanga kipimo upya na akaandika mgonjwa awe na sukari ya kulamba karibu. Mwambieni daktari ratiba ya jela, musingoje aulize.

Dawa zipelekwe na lebo ya chemisti na risiti, zikabidhiwe zahanati ya jela. Usizifiche ndani ya mahamri jamani, utamletea kesi juu ya kesi. Na insulini uliza kabisa kama friji ipo na yafanya kazi.

Tulipoumia ni kliniki za nje. Siku yafika waambiwa gari hakuna, au askari wa kumsindikiza hawatoshi, basi imepita hiyo. Yaniuma mpaka leo, manake yeye hata hajahukumiwa, na hata aliyehukumiwa hakufungwa ili anyimwe dawa. Sheria ya mwaka 2014 ya watu walionyimwa uhuru yampa haki ya matibabu, na kanuni za Umoja wa Mataifa zinazoitwa za Mandela zasema apate kiwango kile kile cha raia wa nje, bila malipo. Kwa hivyo fika siku kadhaa kabla ukumbushe, kwa heshima, na ikikosekana andika barua kwa mkuu wa jela, nakala yako igongwe mhuri, wakili aitaje barua hiyo siku kesi ikitajwa tena. Wakiendelea kupuuza, KNCHR, ile tume ya kitaifa ya haki za binadamu, na MUHURI, shirika la kutetea haki, wako hapa hapa Mombasa.

La mwisho ni TB, manake mule watu wamebanana na hewa ni haba. Mtu wako akikohoa wiki mbili, akitokwa jasho usiku na kukonda, aitishe kupimwa makohozi. Dawa ni bure, kwa kawaida miezi 6, lakini wengi wakiachiliwa wanakatiza. Asitoke bila barua ya kumhamishia kliniki ya karibu na kwenu, na anaolala nao nyumba moja wapimwe pia, watoto kwanza.