Daftari la Mema Limejaa, Kichwani Hamna Kitu

Msomaji mmoja ameniandikia kwa uchungu. Wiki ya tatu sasa anaandika mema matatu kila usiku, na bado akilala kinachomrudia ni neno la kejeli aliloambiwa kazini. Akanitumia kurasa zake. Jumatatu: afya, familia, kazi. Jumanne: familia, afya, amani. Jumatano unaweza kuikisia.

Hizo si kumbukumbu, ni lebo za makabati.

Baya hujichimbia lenyewe. Linashtua, moyo unaenda mbio, na homoni za mshtuko ule huisaidia kumbukumbu kukaa. Kisha tunalicheua usiku kucha, na kila tukilirudia linakazika. Jema la kawaida halishtui mtu. Basi lipe kwa makusudi kile ambacho baya hupewa bure: muda, undani na marudio.

Likitokea, tulia nalo sekunde 15 hadi 20, kama pumzi nne za taratibu, na uchague sehemu moja tu ya kushika. Usikimbilie simu. Mwaka 2014 mtafiti Linda Henkel wa Marekani alionyesha kwamba watu waliopiga picha vitu vizima vya makumbusho walivikumbuka vibaya kuliko walipovitazama tu. Waliposogeza kamera kwenye sehemu moja ya kitu, hasara hiyo haikuonekana.

Usiku, usiandike “dada amepiga simu”. Andika: “Dada amepiga saa mbili, akaanza kucheka hata hatujasalimiana, nikasikia kijiko kikigonga kikombe upande wake.” Kijiko hicho ndicho kitakachokurudishia dada mzima.

Halafu sababu. Zoezi hili la mema matatu, mwanasaikolojia wa Marekani Martin Seligman na wenzake walipolipima mwaka 2005, lilimtaka mtu aandike pia kwa nini kila jema lilitokea. Nusu hiyo ndiyo wengi huidondosha, na bila hiyo jema linaning’inia hewani. “Amepiga kwa sababu juzi nilimuuliza habari za goti lake” inakuonyesha pia la kufanya kesho.

Marudio ndiyo yanayopuuzwa kuliko yote. Siku ya tatu, kabla ya kufungua daftari, jaribu kulivuta tukio kichwani. Siku ya saba tena. Likigoma, chungulia, kisha funga ujaribu upya. Kusoma tu kurasa za nyuma ni kutamu lakini huacha alama hafifu, kwa kuwa ni lile jasho la kuvuta linalokaza kumbukumbu zaidi.

Siku yenye jema moja, andika moja. Ukijilazimisha kufikisha matatu, lebo zitarudi. Ukichoka, fanya mara mbili kwa wiki. Na kama wiki 2 zimepita huzuni haitoki wala hakuna kinachokupa ladha, hapo daftari si dawa, kamwone daktari.

Kwako uliyeniandikia: leo acha afya na familia vipumzike. Andika kitu kimoja chenye sauti au harufu ndani yake, na sababu yake.