Udongo mweusi wa nyasi za Mufindi usikudanganye, mkuu

Mkuu uliyeuliza kwamba umenunua ekari 5 za nyasi tupu juu huko Mufindi, udongo mweusi kama masizi, ukapanda mahindi kwa mbolea ya DAP (yenye fosforasi) na yakatoka mafupi yenye majani ya zambarau: nimepita njia hiyohiyo. Shamba langu liko upande wa Mafinga, mgongo wa kilima ambao tangu babu yangu ulikuwa wa kulishia ng'ombe na kuchomwa moto kila Septemba. Mwaka wa kwanza nilivuna magunia manne kwa ekari. Nilipowaambia wazee walicheka, wakasema sisi vijana wa mjini tukiona weusi tunadhani tumeona rutuba.

Kabla ya kununua mbolea nyingine, chukua sururu uchimbe shimo la kufika kiunoni. Langu lilionyesha hivi: juu kuna kama sentimita 30 za udongo mweusi, laini, umejaa mizizi ya nyasi. Chini yake rangi inageuka ghafla kuwa ya kahawia, kisha nyekundu yenye njano. Ukiusugua kwenye kiganja unasikia chenga za mchanga mkali, na juani unaona vimulimuli vya ulanga. Ukiendelea kushuka unakuta kitu kinachofanana na jiwe, chenye mistari ya jiwe kabisa, lakini ukikipiga kwa sururu kinamomonyoka kama mkate mkavu. Hilo ndilo graniti lililooza, na maswali yako yote yanajibiwa hapo.

Graniti (wengine huiita itale) ni jiwe maskini kwa chakula cha mmea. Limeundwa hasa na madini ya kwatsi, felispa na ulanga. Kwatsi haiozi, ndiyo hizo chenga. Felispa huoza na kuwa kaolini, mfinyanzi mweupe wa aina ya ule wa vyombo vya kauri, na mfinyanzi huo hauna nguvu ya kushika virutubisho. Kalsiamu na magnesiamu zilikuwa chache tangu mwanzo, na mvua za miaka mingi mno zimeziosha. Kilichobaki ni chuma, ambacho ndicho kinachotia wekundu, na alumini. Wenzetu wa Tukuyu wamekalia majivu ya volkano. Sisi tumekalia jiwe la zamani lililokwisha kunyonywa.

Sasa weusi unatoka wapi? Unatoka kwenye baridi. Kwenye mita 1,800 na zaidi, pamoja na ukungu wa Juni mpaka Agosti na sakitu mabondeni, mizizi ya nyasi inakufa kila mwaka lakini inaoza polepole sana. Alumini nayo inagandamana na ile mboji na kuifanya iwe ngumu kuoza. Ongeza masizi ya moto wa kila kiangazi. Kwa hiyo weusi ni akiba kweli, ila iko kwenye sanduku lililofungwa. Ukilima mara ya kwanza hewa inaingia, mboji inaanza kuoza, mahindi yanachangamka kidogo, na majivu ya nyasi yanasaidia. Mwaka wa pili au wa tatu uchangamfu umeisha.

Kuhusu zambarau yako. Mahindi machanga hugeuka zambarau kwa baridi pia, kwa hiyo usikimbilie kulia. Yakifika magotini na rangi imepotea, ilikuwa baridi. Ikiendelea, ni upungufu wa fosforasi. Udongo huu una uchachu mkali. Vipimo vyangu vilitoka pH 4.7, na kadiri namba hiyo inavyoshuka ndivyo uchachu unavyozidi. Ikishuka chini ya 5.5, alumini inaanza kuyeyuka na kuumiza ncha za mizizi. Ng'oa shina moja uangalie: mizizi ya kwangu ilikuwa mifupi, minene, kama vidole vilivyokatwa. Mmea wa namna hiyo hauwezi kutafuta chakula hata kama kipo. Fosforasi unayomwaga nayo inakamatwa na chuma na alumini kabla mzizi haujaifikia. Ndiyo maana DAP yako ni kama ulimpa mtu mwingine. Usiitawanye shambani hata siku moja, weka kwenye shimo karibu na mbegu, na funika udongo kidogo katikati isije ikaunguza.

Makosa yangu mawili, uyaepuke.

La kwanza, nililimisha trekta la jembe la sahani na nikamsisitizia dereva azamishe. Alizamisha kweli. Wekundu wote ukaja juu na weusi ukaenda chini. Mtaji wa udongo huu uko kwenye shubiri moja au mbili za juu, nami nilikuwa nimelipa hela niufukie. Sehemu ile ilinichukua miaka mitatu kurudi.

La pili, chokaa. Duka moja (silitaji) liliniuzia mifuko ikisemwa ni ya kilimo. Ilikuwa chokaa ya ujenzi. Niliweka wiki moja kabla ya kupanda, maharage yakaungua yakiwa yanachipua. Sasa kabla ya kulipa natia kijiko cha chokaa kwenye siki. Ile ya kilimo, ya mawe yaliyosagwa bila kuchomwa, inatoa mapovu. Ya dolomaiti inatoa taratibu, lakini inatoa, na kwetu ni nzuri zaidi kwa sababu inaleta magnesiamu.

Kilichonisaidia: tani 1 ya chokaa kwa ekari, ikachanganywa na udongo wa juu miezi miwili kabla ya mvua za Novemba. Mbolea ya kupandia nikahamia Minjingu. Ile ni fosfeti ya mawe kutoka karibu na Ziwa Manyara, na uchachu wenyewe ndio unaoiyeyusha, kwa hiyo udongo ambao ni adui wa DAP unakuwa rafiki wake. Ila usiimwage siku moja na chokaa sehemu ileile, utakuwa umemnyang'anya silaha. Kukuzia natumia CAN. SA (salfeti ya amonia) niliiacha kabisa kwa sababu inaongeza uchachu. Msimu wa pili baada ya hapo nilipata magunia 14, uliofuata 18. Kwako inaweza kuwa tofauti, kwa hiyo peleka udongo maabara, kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole au chuo kikuu cha kilimo cha SUA, na waombe wapime alumini pia, siyo pH peke yake. Chukua sampuli za weusi na za wekundu katika mifuko tofauti.

Shemeji yangu ni Mmatengo wa Mbinga, kaja akaniona nachoma nyasi akashika kichwa. Kwao wanazikata, wanazilaza kwa miraba, wanafukia kwa udongo wa katikati mpaka kunabaki mashimo. Ndiyo ngoro. Nyasi zinaoza chini, maji ya mvua yanakaa kwenye mashimo badala ya kuteremka na udongo. Nimejaribu robo ekari upande wenye mteremko. Kazi inavunja mgongo, sitasema uongo, lakini maharage ya pale ndiyo yaliyokuwa na vinundu vingi kwenye mizizi, vile vya kutengeneza naitrojeni.

Umeuliza kama uuze au upande paini. Paini na milingoti inavumilia udongo huu, ndiyo maana shamba la miti la Sao Hill lipo pale lilipo. Milingoti ikianza kukauka vilele kiangazi, angalia boroni, ni upungufu wa kawaida kwenye udongo wa namna hii. Chai nayo inapenda uchachu, huko usipeleke chokaa. Viazi mviringo vinavumilia pia, na kwa ekari moja ya kuanzia mimi ningepanda hivyo kuliko mahindi. Maharage yasubiri chokaa.

Kama shamba linashuka mpaka bondeni, pale kwenye vinyungu (bustani za bondeni), udongo mweusi wa kule ni mwingine kabisa: maji yamesimama, mabaki ya majani hayajaoza. Na sheria ya mazingira ya 2004 inataka uache mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji, usije ukalima halafu ukafyekewa. Maji ya Ruaha Mdogo yanaanzia kwenye milima hii.

Kangaga, yale magugu yanayopenda uchachu, zimejaa shambani kwako? Zikiwa nyingi, hata kabla ya maabara mimi ningeagiza chokaa. Chimba shimo, tupia picha hapa, na weka rula ionekane kwenye mpaka wa weusi na wekundu.