Picha tatu za nkambo: bendera inatuambia ni mwaka gani?

SWALI: Jambo yenu, Papa. Nkambo wangu (babu) alifundisha shule Bukavu akiwa kijana, kisha akashuka Katanga na kuandikwa kazi Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba. Alikufa 1989. Ameacha picha tatu zenye bendera, na hakuna hata moja iliyoandikwa mwaka. Ya kwanza, nyeusi na nyeupe, ni uwanja wa shule, na bendera ina nyota kubwa katikati na nyingine ndogo ndogo karibu na mlingoti. Ya pili, pia nyeusi na nyeupe, nkambo amesimama mbele ya jengo lenye bendera ya mkanda wa mshazari. Nyuma ya picha pameandikwa kwa wino "E/ville". Mama anasema hiyo ni drapo (bendera) yetu ya sasa, mjomba anasema ni ya Katanga ya Tshombe, wakati jimbo lilipojitenga, na wanagombana kweli. Nyota siioni, kitambaa kimejikunja, ila sehemu ya chini imetoka nyeupe kabisa. Ya tatu ni ya rangi: bendera ya kijani, nkambo amevaa abacost, ile suti isiyo na tai ya enzi ya Mobutu. Tunataka kuandika miaka chini ya kila picha kabla ya siku ya kumaliza matanga ya bibi. Tufanyeje? (Msomaji, komini ya Kenya, Lubumbashi)

JIBU: Mwanangu, pole kwa msiba wa bibi. Umeniandikia kama mtu wa kazi yangu ya nyaraka: umesema unachoona, na umesema usichoona. Wengi huniletea picha wakiwa wameshaamua mwaka, wanataka tu nitie muhuri.

Nianze na ya tatu kwa sababu haina ubishi. Kijani, duara la njano, mkono ulioshika mwenge wenye moto mwekundu: hiyo ni bendera ya Zaïre, iliyopandishwa Novemba 1971, wiki chache baada ya nchi kubadilishwa jina. Mwenge ulikuwa alama ya MPR, chama cha Mobutu, kwanza, ndipo ukawa wa taifa. Iliteremshwa Mei 1997, lakini nkambo hakufika huko, kwa hiyo andika "kati ya 1971 na 1989". Ukitaka kubana zaidi, usiitazame bendera tena. Tazama umri wa watoto waliosimama pembeni.

Ya kwanza ndiyo yenye utamu. Kwa miaka mingi, tangu enzi ya Léopold wa Pili hadi mwisho wa Congo ya Wabelgiji, bendera ya hapa ilikuwa bluu yenye nyota moja ya njano katikati. Wakati wa uhuru, 30 Juni 1960, nyota ile ya mkoloni haikutupwa. Iliachwa palepale, zikaongezwa nyota sita ndogo, zimepangwa wima upande wa mlingoti, moja kwa kila jimbo: Léopoldville, Équateur, Orientale, Kivu, Katanga na Kasai. Nyota hizo ndogo ndizo saa yako. Kama umeziona kweli, picha haiwezi kuwa ya kabla ya uhuru. (Zihesabu kwa kioo cha kukuza. Bendera iliyolala huzificha, na nimeshaona mtu akiita picha ya uhuru picha ya mkoloni kwa sababu hiyo.)

Sasa angalia hesabu ya mji wetu. Katanga ilijitenga 11 Julai 1960. Maana yake hapa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, bendera ya nyota sita ilipepea siku kumi na moja tu kabla ya kuteremshwa, na iliporudi baada ya Januari 1963 haikukaa, kwa kuwa mwaka huohuo serikali ilibadili bendera. Picha ya utulivu ya uwanja wa shule wenye bendera hiyo, iliyopigwa hapa, ni kitu adimu sana. Lakini umeniambia nkambo alifundisha Bukavu. Kivu haikujitenga, kwa hiyo huko bendera hiyo ilikaa miaka yake yote mitatu. Mimi ningeandika "Bukavu, kati ya 1960 na 1963" na kuweka alama ya kuuliza kwenye Bukavu, si kwenye miaka.

Kuna mtego hapa ambao kwa bahati nkambo amekuokoa, kwa kuwa alikufa 1989. Laurent-Désiré Kabila alipoingia Kinshasa 1997 aliirudisha karibu bendera hiyohiyo ya nyota sita, ingawa wakati huo majimbo hayakuwa sita tena. Ikakaa hadi 2006. Mimi mwenyewe niliwahi kuandika "1960" chini ya picha nyeusi na nyeupe ya mkutano fulani, nikajisifu, hadi kijana mmoja akaniuliza kiti cha plastiki cheupe kilichokuwa nyuma ya msemaji kilitoka wapi mwaka huo. Tangu hapo natazama viti kwanza.

Tuje kwenye ugomvi wa mama na mjomba. Bendera zote mbili wanazozitaja zina mkanda wa mshazari, na zote mbili mkanda unapanda kutoka chini kwenye mlingoti kwenda juu upande unaopepea. Ndiyo maana zinachanganywa. Tofauti iko pande mbili za mkanda.

Ya Congo, ile ya kuanzia 1963, ni bluu juu na bluu chini. Mkanda ni mwekundu wenye pindo jembamba la njano, na nyota iko juu kwenye kona ya mlingoti. Katika filamu isiyo na rangi, bluu ya juu na bluu ya chini lazima zitoke kijivu kimoja. Ya Katanga ni nyekundu juu upande wa mlingoti, mkanda wa kijani katikati, na nyeupe chini, na katika weupe huo mna misalaba mitatu ya shaba. Ikipigwa picha inatoka giza juu na mwanga chini. Wewe umesema chini ni nyeupe kabisa. Jua linaweza kuunguza sehemu ya kitambaa, lakini haliwezi kufuata mstari wa mkanda kwa unyoofu. Kama mpaka wa weupe ni huo mstari, mjomba ameshinda.

Thibitisha hivi. Usipige picha ya picha kwa simu yenye flashi. Ipeleke kwa mtu mwenye skana, aiskani kwa nukta 1200 kwa inchi, hata kama ni nyeusi na nyeupe aiskani kwa rangi. Kisha kuza sehemu nyeupe, tafuta madoa matatu yenye mikono minne. Hiyo si misalaba ya kanisa. Ni vipande vya shaba vilivyoyeyushwa na wahenga wa huku vikatumika kama fedha, na vingine vimekutwa makaburini kule Sanga, kando ya ziwa Kisale. Hata sarafu za Katanga za 1961 zilikuwa na msalaba huo upande mmoja na ndizi upande wa pili. Kama kuna sarafu ndani ya sanduku la nkambo, itakusaidia.

Angalia pia kama picha haikuchapwa kinyume, fundi akiwa amegeuza filamu. Bendera peke yake haitakuambia, kwa sababu bendera ikitazamwa kwa nyuma nayo hugeuka. Tazama maandishi kwenye jengo, au koti la nkambo: koti la mwanaume hufungwa upande wake wa kushoto ukiwa juu ya wa kulia.

Na ule wino wa "E/ville"? Mji uliitwa Lubumbashi rasmi 1966, ila wazee waliendelea na jina la zamani kwa mazoea, kwa hiyo maandishi hayo yanasaidia, hayakati kesi. Ikiwa ni Katanga, andika "Elisabethville, kati ya 1960 na 1963". Usione haya kuiweka kwenye albamu. Mtu kusimama mbele ya jengo la kazi yake hakumfanyi kuwa askari wa aliyetundika bendera. Hapo naona nikae karibu na mama kidogo, maana nahisi anachokataa si rangi, ni kuitwa mtoto wa mtu aliyejitenga.

Tena mama hajakosea bure. Drapo ya leo, iliyoingia na Katiba ya 18 Februari 2006, ni ndugu wa ile ya 1963, bluu yake tu ndiyo imekuwa ya mbingu. Ukizipanga utaona mchezo: baada ya Mobutu, kila aliyeingia aliruka juu ya aliyemtangulia na kuchukua kitambaa cha zamani. Mobutu, aliyetwaa madaraka 1965, aliiweka ile ya mkanda miaka mitano na zaidi, kisha akashona yake ya kijani. Kabila, mtu wa mrengo wa Lumumba, hakuitaka ya kijani wala ya mkanda ambayo Mobutu aliigusa, akarudi hadi 1960. Waliofanya mapatano baada ya vita wakaiacha ya Kabila wakachukua ya 1963, ya wakati nchi ilipokuwa imeshonwa upya baada ya Katanga kurudishwa. Kwa hiyo tumekuwa na michoro michache na zamu nyingi, na sisi wa nyaraka ndio tunaoteseka.

Ukishapata majibu, andika nyuma ya picha kwa penseli laini, pembeni, si kwa biki. Wino wa biki hupenya na baada ya miaka hutokea usoni kwa mtu. Andika pia nani alisema nini: "mjomba: Katanga, mama: Congo". Na jina la kila anayetambulika, kuanzia kushoto, kabla mama na mjomba hawajarudi kila mtu kwake.