Chai ya kumpelekea baba mkwe

Kirumba, Mwanza

Mwanangu,

Mwangaluka. Ujumbe wako umefika, na zile picha saba za makopo ya chai nimemwonyesha mama yako. Amesema yote yanapendeza, na amerudi kwenye mboga zake. Kwa hiyo jibu umebaki kunidai mimi. Unarudi Desemba, unataka kumletea baba mkwe wako mtarajiwa kule Sengerema chai ya majani ya Kichina, uko huko Guangzhou mbele ya rafu na hujui ushike ipi. Halafu unauliza kama lile boksi jekundu lenye joka la dhahabu ndilo lenye heshima zaidi.

La joka liache. Picha nimeivuta kwa vidole nikaona vikopo viwili vidogo vimelazwa katikati ya sponji na kitambaa cha kung'aa. Hapo unalipia sponji. Mzee yule amelima pamba maisha yake yote, anajua kupima kitu kwa mkono kabla ya kukiangalia kwa macho.

Anza na mdomo wake. Nimekaa kwake mara mbili na mara zote mbili chai ilikuja ya maziwa, tangawizi imepondwa humo humo, na sukari vijiko vitatu bila kuulizwa. Mtu wa namna hiyo ukimpelekea Longjing, chai ya kijani ya Hangzhou, hata iwe ile inayochumwa kabla ya sikukuu yao ya Qingming, mwanzoni mwa Aprili, ambayo Wachina wenyewe wanaigombania, ataonja mara moja kwa adabu kisha kopo litapanda juu ya kabati. Au mama mkwe ataitia kwenye sufuria ya maziwa aichemshe dakika kumi, itoke chungu kama mwarobaini. Wala hatakuwa na kosa, maana ndivyo chai inavyopikwa kwake.

Haya sikuyasoma popote. Unakumbuka ile miaka niliyokuwa natunza stoo kwenye ujenzi wa daraja la Kigongo–Busisi. Palikuwa na fundi mmoja mzee wa kuchomelea, Mchina, sisi tukimwita Babu, ambaye hakuachana na chupa yake ya kioo yenye majani yamesimama wima ndani ya maji kama nyasi za ziwani. Siku moja mvua ilisimamisha kazi akaniita kwenye kontena lake. Akatoa kibakuli chenye mfuniko na vikombe ambavyo ukivikusanya vinne hupati kimoja cha kwetu. Akavisuuza kwa maji ya moto. Akamimina maji kwenye majani, akahesabu kidogo, akayamwaga yote kwenye sinia. Nikasema moyoni, mzee huyu amechanganyikiwa, anamwaga chai! Kumbe yale yalikuwa ya kuyaamsha tu majani. Akanipa mfuniko ninuse. Ndipo akamimina ya kunywa.

Zamu yangu ilipofika nikachukua birika nimhudumie mkubwa wangu, nikajaza kikombe mpaka kikataka kufurika. Babu akacheka hadi akamwita mkalimani. Kumbe kwao kikombe cha chai unakijaza sehemu saba kwa kumi. Ukikijaza pomoni unamdharau mgeni, ni kama kumwambia anywe aondoke. Na sisi huku kikombe kisipojaa watu wanatazamana, mwenyeji mchoyo. Basi ukiwa Sengerema usije ukaleta ya Guangzhou. Jaza.

Chai aliyoninywesha siku ile ndiyo ninayokutuma. Inaitwa Dianhong, inatoka Yunnan. Ni chai iliyochachuka kabisa kama hizi zetu za Mufindi na Rungwe, ila majani hayakusagwa. Ni marefu, meusi, na katikati yake kuna machipukizi ya rangi ya dhahabu. Ukinusa kopo utafikiri kuna mtu amefungua kapu la matobolwa. Ule utamu wa kiazi umo na kwenye kinywa, ndiyo maana mtu wa sukari vijiko vitatu anaweza kuinywa kwa kimoja asilalamike. Na akiamua kuitia maziwa itastahimili, ingawa roho yangu itauma kidogo.

Hapo kwenye jina uwe macho. Hii sisi tukiinywa bila maziwa tunaita chai ya rangi, Waingereza wanaiita nyeusi, lakini Mchina anaiita nyekundu: hongcha. Ukimwambia muuzaji kwa Kichina unataka nyeusi atakuletea heicha, ambayo ni kitu kingine, chai ya kuvundikwa. Pu'er iliyovundikwa ipo kwenye kundi hilo, na ndiyo ile uliyoipiga picha imegandamizwa kama kisahani, gramu 357. Wenye kuijua wanaiweka miaka na bei inapanda. Mzee wetu atanusa atasema hii imekaa kwenye ghala lenye unyevu, na pua yake haitakuwa imekosea sana.

Ile ya picha ya tano pia hapana. Zhengshan Xiaozhong, ya milima ya Wuyi huko Fujian. Ipo isiyo na moshi, ni nzuri tu, lakini hiyo uliyoshika ni ya kukaushwa kwa moshi wa msonobari. Huku kwetu harufu hiyo ina mwenyewe. Watajua imesafiri gunia moja na sangara wa moshi.

Mama mkwe naye usimpite. Mchukulie ya asumini. Ni chai ya kijani hasa, lakini wanailaza na vichipukizi vya maua ambavyo hufunguka usiku. Asubuhi maua yanatolewa, na chai nzuri inarudiwa hivyo usiku kadhaa. Kwa hiyo usidanganywe na mfuko uliojaa maua makavu, harufu inatakiwa iwe ndani ya jani lenyewe. Gramu 100 zinamtosha.

Kwa kununua, kama una nafasi toka hapo dukani nenda soko la Fangcun, liko humo humo mjini. Bei watakayokutajia ni ya jin, yaani nusu kilo, usije ukashtuka ukakimbia. Wewe chukua liang tano, gramu 250. Kaa kwenye meza yao uonje, hawakasiriki, ndiyo biashara ilivyo kule. Shika jani ulivunje: lililo kavu sawasawa linalia. Angalia chini ya mfuko. Vumbi likiwa jingi, mwachie mwenyewe. Uliza imechumwa lini. Kisha waombe wakufungie kwenye kopo la kawaida la bati lenye mfuniko unaobana.

Muuzaji akianza kukwambia inashusha presha, inakata mafuta, inaondoa sukari, mtikisie kichwa tu. Mzee anameza vidonge vyake vya presha kila asubuhi na sitaki asikie kutoka kwa mkwe kwamba kuna majani yanayofanya kazi hiyo. Hizo chai za kupunguza tumbo zinazouzwa hapa mjini nyingine ni sanamaki tupu, waulize waliokesha chooni.

Kwenye kupika uwaonyeshe mwenyewe, siku hiyo hiyo, kwa vitu vya jikoni mwao. Wamezoea majani yetu yaliyokatwakatwa, ambayo yanatoa rangi kabla hujaweka kijiko chini. Haya marefu yanataka subira ya dakika tatu. Gramu 3 kwa kikombe cha robo lita, maji yatoke jikoni yakiwa yanachemka. Sisi huku tuko mita 1,100 na ushee juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, kwa hiyo usiyapoze. Maji ya asumini ndiyo uyaache yapoe kidogo kwanza. Halafu majani yasimwagwe. Yatiliwe maji mara ya pili na ya tatu, na hapo utamsikia mzee akifurahi, maana kitu kisichoisha haraka anakipenda.

Kwenye begi, kopo likae mbali na sabuni na marashi. Babu alipokuwa anaondoka, kabla daraja halijafunguliwa ile Juni 2025, alinipa kopo la Longjing kutoka kwao, kwa mikono miwili. Nikaliweka kabatini, mfuniko haukubana, na rafu ya chini mama yako alikuwa na debe la dagaa kutoka mwaloni. Wiki mbili baadaye akaja mgeni wa maana. Nikasuuza vikombe, nikamwaga maji ya kwanza mbele yake kwa mbwembwe, nikampa mfuniko anuse. Mgeni akanusa, akanitazama, akauliza, "Hii ni mchuzi?"

Unapokwenda, pamoja na chai weka na kilo mbili za sukari, mzee asije akadhani unamzuia. Ukivuka daraja pale Busisi nipigie, nitakuwa nimeshamwarifu. Mambo ya ng'ombe usiyaguse hata kwa utani, hayo tuachie wazee.

Na mimi niletee gramu 100 za Longjing. Kopo la Babu nimeliosha mara nne, limeanikwa juani, na dagaa wamehamia stoo.

Baba yako